Punda wa Norwe Ambaye Si Punda

Muuga, hujambo, Mama Kendi,

Mwandiko umepinda kwa baridi, si kwa uzee kama utakavyomwambia dada yako. Jana Kendi alinipeleka kwa jirani yake, nyanya mmoja anayefuga farasi wa mbegu ya huku, wanayoiita fjordi. Ni mfupi, mnene, ana mstari mweusi mgongoni kama punda wetu Karembo, na nywele za shingo zimekatwa zikasimama wima kama za mwanafunzi wa Kaaga siku ya kufungua shule. Mimi, mwalimu mzima, nikasema, "Punda mzuri sana huyu!" Binti yako akatafsiri bila huruma. Nyanya alicheka mpaka akaegemea fensi.

Farasi mwenyewe amezeeka, meno yamekwisha, analishwa karoti zilizokunwa. Nikauliza siku hizi anafanya kazi gani.

"Alishaifanya," nyanya akajibu, huku akimpangusa mvua usoni.

Unajua nilivyoondoka tumenuniana kwa sababu nilitaka Karembo auzwe, eti punda asiyebeba maji anamaliza nyasi bure. Ukaniambia ndiye aliyebeba maji ya kumwogeshea Kendi akiwa mchanga, nami nikajifanya sikusikia.

Basi nimeshindwa. Karembo abaki. Mkunie karoti, umwambie nimeomba msamaha. Wewe nitakuomba mwenyewe nikifika, kama mlango utafunguliwa.

Wako, ndani ya gambuti za kuazima,
Baba Kendi