Maji ya Kunawa kwa Maua ya Mama

Mama,

Maua yako yanakufa, na leo ndiyo siku ya kwanza ninayoruhusiwa kuyamwagilia. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata hujaniuliza nimepata maksi gani.

Tulikuzika mvua zikiwa bado zinanyesha, udongo ukituganda kwenye viatu. Kisha nikarudishwa bwenini. Shangazi, dada yake Baba, alibaki hapa Tunduma kutupikia, kwa hiyo sikuwaza habari ya maua. Nilikuwaza wewe tu. Nilipofunga shule mwezi wa sita nikafika nyumbani, na Mama, sikulitambua baraza letu. Makopo na madebe yalikuwa palepale ulipoyaacha, lakini vumbi la malori lilikuwa limeyafunika yote. Mchaichai ulikuwa kama ufagio wa zamani. Waridi halikuwa na jani hata moja.

Nikachukua jagi. Shangazi akanishika mkono.

"Weka chini. Hivyo ni vitu vya marehemu, havijagawiwa. Wajomba zako wakikuta tumevigusa, watasema tumemwibia maiti."

"Shangazi, ni maji tu."

"Leo maji, kesho vitenge. Ukoo wa mama yako mimi siuchezei."

Usimkasirikie. Kila asubuhi alifagia kuzunguka makopo yako bila kusogeza hata moja, kama anayempita mtu aliyelala. Aliogopa kweli. Kule kwenu Igamba walisema watakuja kumaliza matanga na kugawa vitu vyako, kisha kahawa ikaiva, na wewe unajua kahawa ikiiva hakuna anayetoka shambani. Baba akipiga simu, Mjomba anamjibu, "Shemeji, mtuvumilie, tukimaliza kuchuma tunakuja." Baba anasema sawa, anakata simu, anatoka nje na kusimama. Na mimi nayatazama maua yakiinamisha vichwa, nikiona kama unakufa tena, polepole, na safari hii nimekaa karibu yako nikiwa nimekatazwa kukupa maji.

Siku moja jirani yetu, Mama Chanda, yule aliyeolewa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuja kula nasi. Kazi ya kunawisha wageni ni yangu, hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Nikaliacha beseni ndani. Nikamwita barazani, nikamsimamisha mbele ya waridi na kuinua jagi.

"Awe, hapana, mwanangu! Unaninawishia kwenye maua, kwani mimi mbolea?" Akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. Akakunja mikono ya blauzi. "Haya, mimina. Mikono yangu leo michafu sana. Mimina tena."

Shangazi alikuwa mlangoni ameona yote. Akasema tu, "Kunawa sijakukataza."

Tangu hapo hakuna aliyenawia ndani. Muuza mkaa alinawia barazani, rafiki zake Baba pia, hata mchungaji aliyekuja kutuombea. Baba akaanza kunawa hata asipokula. Anatoka, ananyoosha mikono juu ya kopo, anarudi ndani. Lakini mikono ya watu haitoi maji mengi, Mama. Na wakishakula wananawa kwa sabuni, basi hayo nilikuwa nayamwaga kando huku moyo ukiniuma. Unakumbuka lile ua la majani mapana yenye madoa, ulilolipakata kutoka Nakonde, tukaliita Mgeni kwa kutojua jina lake? Mgeni ndiye aliyetangulia. Nilimkuta asubuhi amelala juu ya udongo, shina limenywea, na sikuwa na ruhusa hata ya kumwinua.

Jana wajomba walikuja pamoja na Mama Mdogo. Wakatandika mkeka, wakagawa. Vitenge vikaenda kwa dada zako, cherehani kwa Mama Mdogo. Kisha Mama Mdogo akaonyesha barazani.

"Na yale madebe nayataka. Nitamwaga hayo makavu, niyatumie kuwekea maharage."

Nikasema, "Hapana." Ilinitoka tu. Mjomba akageuka. "Mtoto hasemi kwenye mgawo." Nikarudi jikoni, Mama, kama ulivyonilea, nikachochea moto.

Chakula kikaiva. Nikachukua jagi na kumtangulia Mjomba barazani.

"Mbona unaninawishia huku kama mbuzi?"

Nikammiminia. Akajibu Shangazi, yeye mwenyewe aliyekuwa akiwaogopa: "Ndivyo anavyofanya tangu afunge shule. Nyumba nzima tunanawia hapo. Nilimkataza kumwagilia, hakumwagilia. Amewanawisha watu."

Mjomba akabaki na mikono yake hewani, inatiririka maji. Akayatazama makopo yote hadi la mwisho. Akasema, "Basi haya yana mwenyewe."

"Na madebe?" akauliza Mama Mdogo.

"Na madebe."

Leo asubuhi nimeyamwagilia kopo kwa kopo mpaka maji yakatokea kwenye matundu ya chini. Nilidhani nitafurahi. Nimekwangua shina la waridi kwa ukucha, kama ulivyonifundisha. Juu, kavu. Katikati, kavu. Chini kabisa, karibu na udongo, nimeona rangi, lakini sijui kama ni kijani au ni macho yangu yanayokitaka. Sikukwangua tena. Mama, je, ningemwagilia kwa kuiba? Ningekuwa mtoto mbaya, na maua yako yangekuwa hai? Nijibu basi.

Jumatatu narudi shule. Shangazi amekubali kuyamwagilia jioni, kikombe kwa kila kopo. Nilipomwonyesha akanikemea, "Unanifundisha kumwaga maji, mimi niliyekufuta kamasi?" Lakini kikombe amekitenga, hataki mtu akinywee.

Waridi likichipua, nitakuja kaburini kukuambia kwa sauti. Lisipochipua, nitaling'oa kwa mikono yangu mwenyewe na kupanda kitu kingine palepale, hata kama ni mchicha. Nakuahidi, hakuna kopo lako litakalobaki tupu maadamu nipo.

Pumzika, Mama. Maji yameanza kutoka bombani, nasikia wanawake wanagombania foleni. Acha nikimbie na ndoo.

Mwanao,
Sekela