Basi la Fungate

Jumatatu, 19 Oktoba

...na bado sikubali kwamba daraja la kwenda pwani limevunjika wiki moja tu baada ya harusi yangu! Mume wangu alirudi kazini siku ya tatu, kule bandari huru, kwenye kreni. Mimi ndio kwanza nilikuwa nafunga masanduku nimfuate. Leo kapiga simu: tarehe thelathini na moja kampuni inampakia melini. Mwaka mzima baharini! Nikamwambia nakuja, mke wako nakuja. Mke! Jamani, neno tamu hili.

Jumanne, 20 Oktoba

Treni – reli imezolewa na maji. Ndege – ya watalii waliokodi wenyewe. Kivuko – malori tu, abiria marufuku. Wifi ananicheka, eti kaka yake hajatafutwa hivi hata na polisi. Nikacheka naye. Kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimepata! Hoteli za ufukweni, jirani na bandari yake, zina basi lao, linazungukia milimani. Na lina viti vya maharusi wanaokwenda fungate! Nani bibi harusi kunishinda? Nikavaa gauni la njano analolipenda, mbio ofisini kwao. Karani akauliza bwana harusi yuko wapi. Ametangulia, nikasema.

"Loo, dada! Kwa hiyo fungate kaanza peke yake?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Lazima tupande wawili.

Jumapili, 25 Oktoba

Nalala na shati lake. Limeanza kunuka mimi.

Jumatatu, 26 Oktoba

Shemeji kinyozi, mdogo wa mume wangu, kajitolea: atakuwa bwana harusi mpaka hotelini, kisha ageuze. Wifi kashika mbavu. Nimewakataza wasimwambie. Nataka nimshtukize!

Jumatano, 28 Oktoba

Tumo ndani ya basi, milimani. Shemeji kavaa suti, anatoka jasho, kakaa pembeni kabisa kama mimi nina upele. Mume wangu akapiga simu. Sauti yake! Nikamwambia niko njiani – na papo hapo kondakta akashika kipaza sauti: "Tuwapigie makofi maharusi wetu, bibi na bwana, kiti cha nne!" Makofi, vigelegele.

Mume wangu akauliza, polepole: "Maharusi gani?"

Simu ikakatika. Mtandao hakuna. Shemeji anasema kaka yake ana wivu tangu utotoni, tumekwisha. Mungu wangu! Naandika ujumbe, hauendi. Naandika tena: Mpenzi, ni mdogo wako tu! Usipande meli kwa hasira. Nakuja kukuona kabla mwezi haujaisha, niamini, naku...