Mistari ya Tata

Mama mpendwa,

Shumalamu. Goti linakusumbua bado? Na kahawa, imekauka kabla ya mvua? Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Ile damu tuliyotolewa Bukoba, Tata akiwa bado hai, hatimaye imesomwa. Najua majirani pale Ijuganyondo walisema tumepimwa ukimwi, na kwamba hata kutetemeka kwa Tata kulikuwa ndio huo huo. Sivyo. Hapa maabara tunatafuta kinasaba kimoja cha mishipa ya fahamu. Kwa watu wengine kina kasoro, na mzazi mwenye kasoro hiyo anaweza kumrithisha mtoto wake yeyote. Mwaka mzima nimekodolea macho picha za mistari myeusi ya damu hiyo, wazazi juu, watoto chini, kila mstari wa mtoto ukitoka kwa mzazi mmojawapo, mpaka naiona hata nikila.

Mchoro wa ukoo niliuchora mimi. Niliandika watoto wanne wa Tata. Wiki iliyopita mkuu wangu akaniita, akasema kwa upole kwamba nimekosea, mistari ya mtoto wa nne haikutoka kwa baba huyu. Nilibisha hadi nikajionea aibu. Kisha nikakumbuka mwaka wa vita: nilirudi likizo nikakuta umembeba Koku mgongoni, na mdogo wako, mama mdogo wa Kyaka, hakutajwa tena nyumbani. Sikuuliza. Kwetu nani huuliza mtoto katoka wapi?

Sasa Koku ameniandikia kwamba amemkataa yule kijana wa Muleba aliyemposa. Anasema, "Kaka, sitazaa watoto nije niwatazame wakitetemeka kama Tata." Mama, anaogopa kitu ambacho hana. Lakini nikimwondolea hofu nitakuwa nimemnyang'anya baba, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha Tata uji kwa kijiko mpaka mwisho. Nimeanza barua yake mara tatu, nikazichana zote. Neno hili ni lako kulisema. Nakuomba tu umwambie kabla kijana hajaoa kwingine.

Nisalimie kaka mkubwa, na dada aliyeolewa Kemondo. Habari za mistari yao usiwagusie. Wakitaka kujua wataniuliza wenyewe. Mpe pole shangazi kwa msiba wa mwanawe, wa pili sasa.

Koku akilia kwamba yeye si wa Tata, mwambie nimesoma mstari wangu pia. Mimi ni wa Tata kabisa, kasoro yake ninayo. Mwambie leo natamani ningezaliwa na mama mdogo.

Mwanao,
Mwesiga