Nyundo Ambayo Baba Mkwe Hakutakiwa Kuiona

Durban, Jumapili, 15 Julai 2012

Jua limewaka tangu asubuhi lakini upepo wa bandarini hauna huruma. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa Point. Zamani nilikuwa nawacheka wenyeji wanaoiita hii baridi. Leo nimeenda kanisani na soksi jozi mbili.

Nyumba inanuka kuku wa kuoka, gazeti lililoungua na mafuta ya kitani. Ngoja nieleze, maana nikikaa nalo moyoni litanikaba.

Leo nimemficha baba mkwe wangu nyundo.

Na si nyundo ya dhahabu. Ni nyundo ya makanika, ile yenye uso bapa upande mmoja na kichwa cha mviringo upande wa pili, cha kutandazia ribiti, zile pini za kuungia mabati. Mchana nanyoosha mabati ya magari yaliyogongwa kwenye gereji moja huko Mobeni. Jioni, kwenye veranda ya ghorofa ya tatu, nina karakana yangu: meza moja, jiliwa moja ya kubania vyuma, na kreti la nyundo kumi na moja. Majirani wananiletea sufuria zilizong'oka mikono nazipiga ribiti mpya. Mke wangu Espérance anasema veranda ni ya kuanikia nguo. Tumeigawa. Nguo zimepata robo.

Nyundo nazichagua kwa muuza chuma chakavu karibu na kazini, pipa zima la nyundo za watu waliokwisha kustaafu au kufa. Sichukui tu. Kwanza naangalia tundu la mpini kama lina ufa. Halafu uso, ukimeguka pembeni naiacha, kipande kinaweza kurukia jicho. Halafu kile kichwa cha mviringo, kama bado ni cha mviringo au kuna mtu alikitumia kuvunjia mawe. Mwisho naifunga kamba, naining'iniza, naigonga kwa kijiti na kusikiliza. Chuma kizima kinaimba kwa muda. Chenye ufa wa ndani kinasema kwap, basi. Muuzaji siku hizi akiniona anawaambia wateja wengine wasubiri, mganga anapiga ramli.

Kati ya zile kumi na moja, kumi ni nyundo. Moja ni nyundo yenyewe.

Niliikuta na kutu nyekundu na mpini wa bomba la maji, aibu tupu. Kichwa nikakiloweka kwenye siki siku mbili, ndani ya sufuria ya maharage ya Espérance. Tuligombana, nikanunua sufuria nyingine, tukaendelea. Nikakipiga brashi ya waya, nikapitisha tupa pale ukingo ulipokuwa umetanuka kama uyoga. Mpini niliuchonga kutoka mpini wa sururu, nikaukwangua kwa kigae cha chupa kila jioni kwa wiki tatu, kidogo kidogo, mpaka ukakaa kiganjani. Kabari ya mti, kabari ya chuma, mafuta ya kitani mara tano. Nikiishika, mkono unasahau kwamba umeshika kitu.

Sasa shida.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kwetu ukisifia kitu cha mtu unaambiwa asante, mnaendelea kunywa chai. Espérance ni wa Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa, na katika familia yao baba mkwe akisifia kitu cha mkwe wake, kitu hicho kimehama. Hakuna majadiliano. Mwaka ule tulipooana, mzee alikaa kwenye kochi akasikiliza taarifa ya habari, akasema, "Hii radio inasema wazi sana." Sijameza chai iliyokuwa mdomoni, Espérance alishaichomoa ukutani na kuifunga kwenye kitenge.

Mwaka uliofuata likaenda koti langu la ngozi. Mwaka jana, chupa ya chai. Nililalamika mara moja tu. Espérance aliniangalia kuanzia viatuni kwenda juu.

"Walikupa muntu muzima," akasema, "na unalilia radio?"

Radio sijaitaja tena.

Ijumaa tukapata habari kwamba mzee anakuja Jumapili baada ya ibada. Anaishi Pinetown kwa mtoto wake wa kiume, analinda magari kwenye maegesho ya maduka. Lakini kabla ya vita alifanya kazi miaka thelathini kwenye karakana ya reli kule Kalemie. Alikuwa mpiga ribiti. Yaani kati ya wazee wote duniani ambao wangeweza kunizalia mke, mimi nimepata anayejua nyundo. Ningekuwa na baba mkwe mwalimu, ningelala usingizi.

Jana nikatunga mpango. Nilichukua ile nyundo mbovu kuliko zote, yenye ufa, ambayo niliinunua kabla sijaerevuka. Kichwa nikakipaka rangi nyekundu, mpini nikaupiga vanishi mpaka ukawa unaakisi dirisha. Nikailaza katikati ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma. Mzee aione, aisifie, aende nayo Pinetown, na mimi nibaki na amani. Nakiri nilijiona mjanja sana. Nilipiga hata mluzi.

Na ile nyundo yenyewe je? Chini ya kitanda binti yetu Neema angeivuta. Kabatini Espérance angeikuta. Veranda ndipo mzee anapopenda kukaa. Nikawaza, nikawaza, nikaiviringisha kwenye gazeti nikaiweka ndani ya oveni. Oveni yetu haijawashwa tangu Krismasi, umeme ni ghali, hata mlango wake hatuufungui.

Mke wangu sikumwambia.

Mzee alifika saa saba amevaa koti langu. Linambana makwapani lakini analivaa, jamani, amelivaa kila mara nilipomwona. Tukasalimiana kwa heshima zote, nikamkaribisha kochini, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye nyundo nyekundu. Akaiinua. Akaigeuza. Moyo wangu ukaanza kushangilia.

"Hii muliipaka rangi ya makucha?" akauliza.

Akairudisha juu ya kitambaa, polepole, kama mtu anayerudisha yai la mwenzake. Tukanyamaza. Mimi na baba mkwe wangu tunanyamaza vizuri sana, tuna uzoefu. Nikauliza habari za Pinetown, akasema ni nzuri. Akauliza habari za Mobeni, nikasema ni nzuri. Tukamaliza miji.

Ndipo harufu ikaja.

Kwanza ilikuwa tamu, ya mafuta, nikadhani ni ya jirani. Halafu ikageuka karatasi. Kumbe Espérance, kwa heshima ya baba yake, alikuwa ameamua kwamba leo kuku hakaangwi, leo kuku anaokwa, na alikuwa amewasha oveni bila kuchungulia ndani, ipate moto huku akimpaka viungo.

Sikumbuki kutoka kochini. Nakumbuka nimefungua mlango wa oveni, moshi umenipiga usoni, gazeti limeanza kuwa la kahawia kwenye pembe. Nilivuta kitenge cha Espérance kilichokuwa kwenye msumari, nikaikumbatia nyundo, nikaanza kuipuliza. Espérance alikuwa amesimama na kuku kwenye sinia.

"Papa Neema, iko nini mule?"

Nilipogeuka, mzee alikuwa mlangoni mwa jiko. Baba mkwe haingii jikoni kwa binti yake, wote tunajua, lakini moshi nao una haki zake. Akaniangalia mimi. Akaangalia kifurushi kinachofuka moshi kifuani kwangu, na kichwa cha chuma kikichungulia.

"Papa Neema," akasema kwa upole mkubwa, "kwenu Kigoma munakulaka nyundo?"

Nikasema nilikuwa naikausha. Mungu anisamehe, nilitoka kwenye ibada asubuhi hiyo hiyo.

Mzee akanyoosha mkono. Kwa mkwe hakuna kukataa, nikampa pamoja na kitenge. Akatoka nayo verandani kwenye mwanga, mimi nyuma yake, Espérance nyuma yangu bado na kuku wake. Akapitisha kidole gumba kwenye uso bapa. Akakizungusha kile kichwa cha mviringo kiganjani. Akafumba jicho moja akautazama mpini kwa urefu wake, kutoka huku kwenda kule. Kisha akaupapasa tena kwa kidole kimoja.

"Ulikwanguaka na nini?"

"Kigae cha chupa, Baba."

Akaufunga vidole kwenye mpini, kimoja kimoja.

Mezani kulikuwa na sufuria ya jirani, mkono umelegea, ribiti mpya nimeshaipenyeza lakini sijaigonga. Mzee alivua koti. Akaiegemeza sufuria kwenye jiliwa, akaanza kugonga kwa kile kichwa cha mviringo, pigo dogo, pigo dogo, akizunguka. Sikuhesabu lakini hayakufika kumi. Ribiti ikafunga, duara safi kama kifungo cha shati. Mimi kazi hiyo inanichukua mapigo ishirini na matusi mawili. Halafu akabaki ameishika tu ile nyundo, anaipima juu chini. Miaka kumi na moja mtu huyu anatembea katikati ya magari ya watu na rungu.

Espérance alikuwa ananitazama. Tulijua wote kinachofuata. Nilikuwa nimeshaanza kuiaga moyoni, na nasema ukweli, nililia ndani. Nilijiambia ni chuma tu. Nikajijibu, si kweli.

Mzee akafungua mdomo.

"Hii nyundo iko mubaya," akasema.

Akanirudishia mkononi.

"Mubaya sana. Usionyeshe muntu."

Na mimi, mpumbavu wa Kigoma, nikakasirika! Wiki tatu za kigae cha chupa! Nilishavuta pumzi nimweleze kuhusu kabari, nimwonyeshe tundu la mpini lilivyojaa, ndipo Espérance akanifinya mgongoni kwa mkono ule wa viungo vya kuku. Alama ya manjano bado iko kwenye shati langu la kanisani. Ilichukua muda kidogo, halafu nikaelewa: kitu kilichotukanwa hakihami. Sikuweza kumtazama mzee usoni. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini ya leo ilikuwa na kilo zake.

Tulikula vizuri. Kuku alikuwa na harufu ya mafuta ya kitani na kila mtu alisema ni mtamu.

Saa kumi nikamsindikiza kwenye taxi za Pinetown. Tukisubiri robot, taa za barabarani, iwake kijani tuvuke, akaongea bila kunitazama.

"Ile radio. Nilisema inasema wazi ili tupate ya kuongea. Mimi sijui kuongea na mukwe."

Nikamuuliza na koti.

"Koti inanibana," akasema.

Nikamuuliza, kwa adabu, kwa nini basi hakukataa. Akanishangaa kweli kweli.

"Kitu mukwe anakupatia, unakataa namna gani?"

Robot ikawaka kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki pale tunacheka. Miaka mitatu nilikuwa nasema mzee huyu ananipora. Kumbe alikuwa anatafuta maneno, na kila akipata moja, Espérance anamfungia mzigo.

Nimerudi, Espérance anaosha vyombo. Hajanigombeza, na hilo linatisha zaidi. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba tangu wafike nchi hii hajawahi kumwona baba yake akishika chombo cha kazi. Halafu akaniuliza kitenge chake nitakilipa lini.

Sasa niko verandani, bado kuna mwanga. Mpini umepata rangi ya kahawia upande mmoja na umelegea kidogo kwa joto. Nitagonga kabari upya, itapona. Nimemwaga kreti lote chini, nimezifunga kamba moja moja na kuzigonga kwa kijiti. Ya saba inaimba vizuri kuliko nilivyokumbuka. Sijui kwa nini niliipuuza.

Kesho naitia kwenye siki. Mpini nitauchonga, lakini nitauacha mnene, ukwanguliwe na mzee mwenyewe, kiganja chake nakijua mimi? Jumamosi naipeleka Pinetown pamoja na kigae kimoja kizuri cha chupa ya kijani, na safari hii hakuna aliyesifia chochote.

Naomba tu akiishika, aitukane.