Hukusahau Maneno, Syombua

Syombua,

Nilikuonea wivu hata siku tuliyokuzika. Naanza na hilo, maana nikilizunguka nitaishia kukupa habari za mvua na za wanafunzi wangu, kama nilivyozoea kukuandikia ulipokuwa hai, na karatasi itajaa kabla sijasema lolote.

Watu walijaa uwanja wa kanisa pale Kibwezi mpaka wengine wakasimama nje ya ua. Wanafunzi wako walikuja na sare, soksi zimevutwa hadi magotini. Kwaya ya akina mama ilishindwa kumaliza wimbo kwa kulia. Mimi nilikaa kwenye benchi la marafiki, na unajua nilikuwa nawaza nini? Kwamba nikifa mimi huku Kwa Vonza, ambako nimefundisha Kiswahili miaka minane, watakuja walimu wenzangu na watu wa nyumbani, basi. Kwaya itamaliza beti zote.

Kisha akasimama Ndinda, yule msichana wa darasa la saba uliyempa nafasi ya malkia katika mchezo wenu wa mwisho. Alisema ulikuwa ukiwapigia makofi hata kwenye mazoezi. Akasema, "Mwalimu alitufundisha tusinyamaze jukwaani. Ukinyamaza, watu wanajua umesahau." Watu wakacheka huku wakifuta machozi. Mumeo, Baba Kioko, akacheka pia. Mimi sikuweza. Maneno hayo ni yangu, Syombua. Ni mimi niliyeyaweka kichwani mwako tukiwa kidato cha tatu.

Unakumbuka ulivyofika shuleni kwetu Matiliku na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani? Ulitoka Mutomo, na Kiswahili chako kilikuwa Kikamba kilichovaa viatu vya kuazima. Mimi nilikulia Kitui mjini, nyumba yetu ikipakana na ya familia ya Kiislamu iliyozungumza Kiswahili tu, na mama mwenye nyumba ile alinirekebisha kila nilipokosea nikicheza na watoto wake. Nilikuja shuleni nikijua Kiswahili, na nikijua kwamba nakijua. Wasichana waliniletea insha zao niwasomee. Wewe pia. Ulikaa kitandani kwangu ukitafuna kalamu, ukiniita mwiitu wa mwaitu, binti ya mama yangu, na kila nilichofuta kwenye daftari lako ulikubali kifutwe.

Kwa hiyo Mwalimu Kilonzo alipoandika mchezo wake juu ya mama ambaye mwanawe amefukiwa na mawe kwenye machimbo, nilijua mama huyo ni mimi. Siku ya kuchagua waigizaji nilisimama nikatoa maneno yote bila karatasi. Wewe ulisoma ukifuata mstari kwa kidole. Mwalimu alikuna kidevu, akasema, "Mwikali anayajua maneno. Lakini mama ni Syombua." Mimi akanipa kazi ya mkumbushaji, nikae nyuma ya pazia na karatasi, nimnong'oneze anayekwama.

Ulinikimbilia ukanikumbatia. "Nikikwama nitakuangalia wewe tu," ukasema. Nikakupongeza. Usiku huo sikula muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe. Nilimpa msichana wa kitanda cha jirani, nikasema tumbo linaniuma.

Kabla ya mashindano ya shule, tulicheza kwetu Ijumaa alasiri, katika ukumbi wa kulia chakula, meza zimesogezwa ukutani na shuka za bweni zimeshonwa kuwa pazia. Onyesho la tatu lilipoanza, Mwalimu Kilonzo aliitwa nje kwa sababu mkaguzi wa shule alikuwa amefika. Kwa hiyo yeye hakuona. Acha nikwambie kilichotokea, kwa sababu sijawahi kukwambia.

Ulikuwa umekaa chini, ungo mapajani, ukichambua ndengu. Chifu akaingia akakuletea habari za mwanao. Karatasi yangu ilisema mama anajibu hapo hapo. Wewe hukujibu. Uliendelea kuchambua. Ukatoa jiwe, ukalitupa. Ukatoa lingine. Nilifungua mdomo nikunong'oneze, kisha nikaona mkono wako. Ulikuwa unachambua sehemu ile ile, ndengu zile zile safi, ukizitenga na kuzirudisha. Hukuniangalia hata mara moja. Ukumbini hakuna aliyekohoa. Wapishi walikuwa wametoka jikoni, wamesimama mlangoni na miiko yao. Ndipo ukasema polepole, "Hizi ndengu zilikuwa zake."

Nililia, Syombua. Nyuma ya shuka, na karatasi mkononi. Na machozi hayajakauka nikaanza kukuchukia, kwa sababu nilijua kwamba mimi ningejibu hapo hapo, kwa Kiswahili safi, na mpishi hata mmoja asingetoka jikoni.

Jumatatu Mwalimu Kilonzo akatuambia tuandike uhakiki wa mchezo wetu wenyewe. Alitaka tuseme kipi kilifaa na kipi hakikufaa, na tutoe sababu, bila kuangalia urafiki. Maneno hayo ya mwisho niliyashika kama ruhusa. Niliandika kurasa nne. Nilisifu mavazi. Nilisifu chifu. Kisha nikaandika: "Katika onyesho la tatu mwigizaji mkuu alisahau maneno yake, akanyamaza kwa muda mrefu hadi mkumbushaji alipomsaidia. Kosa hili liliua uzito wa habari za msiba." Nakumbuka nilivyochagua neno "liliua". Nilikuwa nimeandika "lilipunguza", nikalikata.

Wenzetu waliandika kwamba mama alinyamaza. Ni mimi tu niliyesema kwa nini, na nani angebishana na mkumbushaji? Mwalimu aliisoma kazi yangu mbele ya darasa kama mfano wa uhakiki bora. Alipofika mahali pale alikugeukia akasema, "Syombua, kwenye mashindano usiache nafasi. Chifu akimaliza, jibu." Ukasema, "Ndiyo, mwalimu." Nilikungoja ukatae. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimepanga hata nitakavyokujibu.

Hukukataa. Jioni, tukifua kwenye karo, uliniuliza ukiangalia povu: "Mwikali, kwani mimi nilisahau? Mimi nilikuwa nafikiria nimenyamaza tu."

Hapo ndipo ningeweza kulirudisha neno langu. Ulikuwa unaniuliza mimi jambo lililotokea ndani ya kichwa chako, kama ulivyokuwa ukiniuliza kama ni "yangu" au "changu".

Nikasema, "Ulisahau. Nilikunong'oneza, hukunisikia?"

Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Basi asante kwa kuniokoa." Ukaendelea kufua.

Kwenye mashindano chifu alimaliza kusema na wewe ukajibu hapo hapo, sauti juu, wazi, bila kosa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Hatukupita. Mwamuzi aliandika kwamba mama alipokea kifo cha mwanawe kama mtu aliyeambiwa chakula kiko tayari. Mwalimu Kilonzo alitusomea hayo kwa huzuni, na wewe ukaomba radhi. Uliwaomba radhi wote, Syombua, mmoja mmoja, hata waliobeba meza. Uliponifikia nilikushika mkono nikakwambia usijali. Nikikwambia kwamba moyoni sikufurahi hata kidogo, nitakuwa nimekudanganya mara ya tatu.

Hukuigiza tena. Nilidhani basi, nimekumaliza, sasa tuko sawa. Kisha ukawa mwalimu wa shule ya msingi Kibwezi, ukaanzisha michezo na watoto ambao hata viatu hawana, na mwaka baada ya mwaka nikasikia shule yako imepita mashindanoni, imepita tena. Mimi huku, pamoja na Kiswahili changu, wanafunzi wangu wa mchezo wanasimama mstari mmoja wakitoa maneno kama wanaosoma tangazo. Uliponialika nije kuwaona watoto wako, nilikuja nikitafuta kosa. Nikalipata. Mchezo ulikuwa na furaha na mbio, lakini haukupumua mahali popote. Mtoto alipotaka tu kukaa kimya kidogo, nilikuona pembeni ukimpungia mkono: endelea, endelea. Baadaye ukaniambia ukicheka, "Nawafundisha kosa langu la Matiliku lisiwapate." Nikanywa chai yako. Nikasema watoto ni wazuri.

Na ulipolazwa, nilikuja nikiwa nimekata shauri. Nilipanda gari Kwa Vonza alfajiri nikirudia maneno njia nzima. Nikakuta kitanda chako kimezungukwa na barua za wanafunzi, na muuguzi anakuchana nywele huku anakutania kama dada yake. Ukaniambia, "Kaa, mwiitu wa mwaitu." Nikakaa. Nikaziangalia zile barua. Nikasema nimekuletea maembe. Maneno niliyoyabeba njia nzima nikarudi nayo nyumbani. Wiki mbili baadaye nikaletewa habari kwamba umetutoka.

Sasa nikwambie yaliyotokea tangu tukuzike. Baba Kioko anapika mwenyewe. Chai yake ni chungu, lakini anawakaribisha watu. Kioko ameng'oka jino la mbele na hataki kulitupa mpaka uambiwe, basi nimekuambia. Shule bado haijapata mwalimu mwingine wa michezo.

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kwako. Mwalimu mkuu alidhani nimekuja kuchukua vitu vyako. Nikamwomba nionane na watoto wa mchezo. Waliletwa chini ya paa la jiko, ishirini hivi, Ndinda mbele. Nikawaambia kwamba mimi ni rafiki ya mwalimu wao tangu kidato cha kwanza, na kwamba kuna jambo alilowafundisha ambalo si kosa lake. Nikawasimulia onyesho la tatu, ungo, ndengu, jiwe, mkono wako. Nikawaambia hukusahau. Nikawaambia hakuna mtu mzima niliyemwona hadi leo akifanya kitu kama kile, na kwamba niliandika kinyume chake.

Kisha Ndinda akauliza, bila heshima na kwa haki kabisa, "Kwa nini ulimdanganya mwalimu wetu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba tulikuwa wadogo. Kwamba mwalimu alitaka uhakiki mkali. Nikasema, "Nilimwonea wivu."

"Na sasa?"

Ningependa kukuandikia kwamba nilisema sasa yameisha. Niliwaangalia wale watoto, jinsi walivyokuwa wamekasirika kwa niaba yako, hata yule mdogo kabisa, ngumi zimekunjwa. Nikasema, "Bado." Ndinda akaniangalia sana. Akasema, "Afadhali umesema." Hakunisamehe. Alisema hivyo tu, akarudi darasani, na wengine wakamfuata.

Jioni nilimweleza Baba Kioko. Alitoka nje akakaa na mbuzi muda mrefu. Aliporudi akasema, "Alikuwa akiniambia wewe ndiye uliyemfundisha kusema ukweli juu ya kazi ya mtu." Kisha akanimiminia chai. Sikujua kama ni msamaha au ni ile desturi ya nyumba yako kwamba mgeni haondoki na kiu. Nikainywa yote.

Nimeuandika upya uhakiki wangu. Kurasa nne tena. Hakuna neno nililochagua ili likuumize, na hakuna nililoongeza ili likupendeze. Nimesema pia kwamba sauti yako ilikuwa ndogo katika onyesho la kwanza, kwa sababu ilikuwa ndogo. Lakini onyesho la tatu nimeliandika kama lilivyokuwa. Nakala moja nimempa Baba Kioko amwekee Kioko. Nyingine nampelekea Mwalimu Kilonzo. Amestaafu, anafuga nyuki karibu na Matiliku, na wanasema haoni vizuri. Nitamsomea mwenyewe Jumamosi hii, na nikifika mahali pale sitashusha sauti.

Lala salama, Syombua. Nakuahidi kwamba mtu yeyote akinitaja kama rafiki yako, nitamwambia kwanza nilichokufanyia, kisha nimwache aamue kama neno hilo linanifaa.

Ni mimi,
Mwikali