Nyuma ya Msikiti wa Kilwa

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Ruangwa ufuta umeingia ndani, na bibi yako anatembea tena bila fimbo. Umeuliza kwa nini nakusumbua unipigie picha nyuma ya msikiti wa kale wa Kilwa.

Mashamba ya karanga yalipofungwa Nachingwea, Mzungu mmoja alinadisha vitu vyake kabla ya kuondoka. Mimi, karani kijana wa dalali, nilikuwa nainua kila kitu kionekane. Kikaja kitabu cha kale cha michoro ya miji ya dunia, kikafunguka penye Kilwa. Mama, ambaye hakuwahi kurudi kwao Kilwa tangu aolewe, alikuwa kwenye umati akingojea masufuria.

"Karani, umeganda?" mtu akatania.

Niliogopa kufukuzwa kazi, lakini nilishuka nikampelekea mama. Aliutazama mchoro, akagusa msikiti.

"Kwetu ni nyuma ya huu," akasema. "Mchoraji hakufika."

Dalali akaniita kwa ukali. Mgeni akakinunua kitabu, akaondoka nacho.

Mama alifariki bila kurudi Kilwa. Nipigie hiyo picha, mjukuu wangu, hata kama utakuta kichaka tu.

Babu yako