Nguo Isiyoingiza Maji

Kaka Mudrik,

Salamu zangu zipokee, ingawa bado nina hasira nawe. Sydney ni baridi, na treni ya Fairfield inachelewa kila asubuhi. Mafunzo yanaendelea. Kabla ya kwenda kuchunguza viumbe chini ya barafu, lazima tujue kupiga mbizi na nguo isiyoingiza maji. Shingoni inabana kama mtu amekukaba. Hewa iliyo ndani ya nguo ikikimbilia miguuni unageuka kichwa chini, basi unajikunja, unabiringika, unaitoa kwa vali ya begani. Nimeshaweza.

Siku niliyofaulu nilipiga simu nimwambie mama. Ukasema kalala. Kumbe mlikuwa mmeshamzika adhuhuri! Najua maiti hacheleweshwi, nisingewahi mazishi. Lakini aliugua wiki nzima ukanificha, eti nisije nikaacha mafunzo. Nani alikutuma? Ningeongea naye tu, nimwombe radhi, kama wewe ulivyopata kumwomba.

Mwalimu ananisifu kwamba sasa natoka baharini mwili mzima mkavu. Uso tu ndio unaolowa, na hapa hakuna anayeuliza kwa nini.

Safari hii usinifiche, hata kama jibu litaniuma: mama aliniachia radhi?

Mdogo wako,
Saleha